Ukuta Unaorudi Nyuma: Matembezi Kwenye Uwanja wa Magari wa Indianapolis

Ukihamia jimbo la Indiana, hazipiti wiki mbili kabla jirani au mfanyakazi mwenzako hajakuuliza kama umeshafika kwenye uwanja wa magari. Wanamaanisha Indianapolis Motor Speedway, uliopo kwenye mji mdogo uitwao Speedway, magharibi mwa jiji. Barabara yake ya mashindano ina urefu wa kilomita 4 kwa mzunguko mmoja, na majukwaa yana viti zaidi ya 200,000. Mwishoni mwa Mei madereva huizunguka mara 200, maili 500 kamili. Kama una zamu siku hiyo na unaishi upande ule, ondoka nyumbani mapema sana.

Mimi si mpenzi wa magari. Nilikwenda kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo hapa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata leseni na hazungumzi kingine ila mwendo. Unaingia kwa handaki linalopita chini ya barabara ya mashindano, unatokea katikati kwenye jumba la makumbusho, kisha basi la watalii linakuzungusha polepole. Basi husimama penye ukanda wa matofali wenye upana wa kama mita moja hivi. Mwaka 1909 uwanja ulifunguliwa ukiwa na barabara ya kokoto na lami, na katika mashindano ya magari ya kwanza kabisa walikufa watu watano. Wenyewe wakaamua kuufunika wote kwa matofali, zaidi ya milioni 3. Siku hizi ni lami, umebaki ukanda huo tu, na washindi hupiga magoti kuubusu. Kijana wetu naye alibusu. Nikampiga picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kilichonivutia mimi kilikuwa ukuta. Kwa mbali unauona mweupe, wa kawaida. Kijana akauliza, "Shangazi, huu si ukuta tu?" Si ukuta tu. Upande wa mbele ni mabomba ya chuma ya pembe nne, yamepangwa moja juu ya jingine na kuunganishwa. Nyuma yake kuna mapande ya povu gumu, jamii ya lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni mpya, na nyuma ya povu ndipo penye zege. Gari likigonga, chuma kinasukumwa, povu linabondeka, kisha gari linateleza kando ya ukuta badala ya kurudishwa katikati ya njia wanakokuja wenzake.

Ukuta huo unaitwa SAFER. Uliundwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, wakiongozwa na Dean Sicking, na mahali pa kwanza kuuweka ni hapa hapa, mwezi Mei 2002. Kabla yake, mwaka 1998, walikuwa wamejaribu ukuta wa plastiki. Arie Luyendyk alipougonga, vipande vilitapakaa barabarani. Dereva alisaidika, lakini hatari ikahamia kwa wengine.

Katikati ya majaribio hayo kikatokea kifo kilichoitikisa Marekani. Tarehe 18 Februari 2001, huko Daytona, mzunguko wa mwisho kabisa, gari la Dale Earnhardt liligonga ukuta wa zege. Kwenye televisheni ilionekana ajali ya kawaida. Kumbe mfupa wa kitako cha fuvu ulikuwa umevunjika. Mwili umefungwa kwa mikanda umesimama, kichwa kinaendelea na safari yake. Baadaye mwaka huo madereva wote wa mashindano yale walilazimishwa kuvaa kifaa cha kuzuia kichwa na shingo.

Kwetu wauguzi wa mapokezi ya dharura jambo hili halina mafumbo. Mgonjwa wa ajali akiletwa, tunauliza: aligonga nini? Gari lilibonyea kiasi gani? Alifunga mkanda? Mwili uliosimamishwa ndani ya sentimeta 50 unapata wastani wa nguvu pungufu mara tano kuliko uliosimamishwa ndani ya sentimeta 10. Mwendo ni ule ule, mtu ni yule yule. Ndiyo maana huwa nakereka na msemo wetu "ajali haina kinga". Nimeusikia kwenye misiba mingi nyumbani, hasa ya ajali za mabasi, na najua unasemwa ili kufariji. Lakini ukiuzoea, huulizi tena dereva alilala saa ngapi, wala kwa nini ukingo wa daraja ulikuwa zege tupu.

Hata wenye fedha huchelewa. Mwaka 2015 Kyle Busch alivunjika mguu hapo hapo Daytona, kwa sababu alitokea sehemu ambayo ukuta mpya ulikuwa haujawekwa. Baada ya ajali hiyo ndipo wakaharakisha kuziba mapengo.

Nawaambia pia wazazi wa huku: kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kinafanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo. Mgongo wote unapokea kishindo, shingo haichomoki mbele. Usikigeuze kwa sababu mtoto analia au miguu imekunjwa. Mwache atazame nyuma mpaka afike kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe.

Tuliporudi nilimwonyesha kijana mapipa ya njano yaliyopangwa pale barabara kuu inapogawanyika. Alikuwa akidhani ni ya takataka. Yana mchanga, ya mbele kidogo, ya nyuma zaidi, ili gari lipunguze mwendo hatua kwa hatua. Aliyeyabuni ni John Fitch, dereva wa mashindano aliyekuwa Le Mans mwaka 1955 akisubiri zamu yake, wakati gari alilokuwa akipokezana na Pierre Levegh liliporuka na kuua watazamaji zaidi ya 80. Fitch aliyajaribu mwenyewe kwa kuyagonga na gari. Penginepo wameweka vyuma vinavyojikunja kama kodiani ya taarabu.

Kijana akaanza kuyahesabu kila njia ya kutokea. Kwenye moja mapipa matatu yalikuwa yamepasuka, mchanga umemwagika mpaka barabarani, na hapakuwa na gari. Akapunguza mwendo bila mimi kusema neno.