Juventus, simu za Moggi na bahasha niliyopokea



Jumamosi iliyopita, katika kipindi chetu cha michezo, kijana mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi alipiga simu. Aliuliza: "Ni kweli Juventus walishushwa sababu waliiba? Mimi navaa jezi yao, na wenzangu kambini wananicheka." Nilimjibu kwa dakika mbili tu, maana wakati wa habari ulikuwa umefika. Leo nataka kumjibu vizuri. Nitasema pia jambo moja ambalo sikulisema hewani siku hiyo.

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Goma, mwenye miaka 15. Mkubwa wangu alikuwa shabiki wa Juventus kufa na kupona. Nyumbani hatukuwa na televisheni, tulikuwa na redio ya betri. Mwezi wa saba mwaka ule, watu walizungumza mambo mawili tu: Kombe la Dunia, na uchaguzi wetu wa tarehe 30 Julai, ambao Wakongo walikuwa wameungoja kwa miaka mingi.

Tarehe 9 Julai Italia iliishinda Ufaransa kwa penalti huko Berlin. Kwa Italia walicheza Buffon, Cannavaro, Zambrotta, Camoranesi na Del Piero. Kwa Ufaransa walikuwepo Thuram, Vieira na Trezeguet. Wote wanane walikuwa wachezaji wa Juventus. Mkubwa wangu alitembea mtaani kama yeye ndiye aliyepiga penalti ya mwisho. Siku tano baadaye, tarehe 14 Julai, redio ikatangaza kwamba Juventus inashushwa ligi ya pili. Mkubwa wangu alizima redio, akatoka nje, hakula siku ile.

Kilichotokea ni hiki. Wapelelezi wa Italia walikuwa wamesikiliza simu za wakubwa wa kandanda. Mwezi wa tano 2006 magazeti yakachapisha mazungumzo hayo. Aliyesikika zaidi ni Luciano Moggi, meneja mkuu wa Juventus. Alikuwa akizungumza na watu waliokuwa na kazi ya kupanga waamuzi, Pierluigi Pairetto na Paolo Bergamo. Moggi na mwenzake Antonio Giraudo waliacha kazi. Rais wa shirikisho la kandanda la Italia naye alijiuzulu.

Wengi wetu tunadhani kulikuwa na mfuko wa pesa uliopita chini ya meza. Hapana. Majaji wa kandanda hawakuonyesha mechi fulani iliyonunuliwa kwa bei fulani. Walichohukumu ni mazoea: mkubwa wa timu anampigia simu anayechagua mwamuzi, na mwamuzi anajua nani anaweza kumpandisha na nani anaweza kumwangusha. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupewa pesa ili aogope.

Hukumu ya kwanza ilikuwa nzito. Juventus ishuke na ianze msimu ikiwa imekatwa pointi 30. Fiorentina na Lazio nazo zishuke. AC Milan ibaki, lakini ikatwe pointi 15. Timu zikakata rufaa. Tarehe 25 Julai Fiorentina na Lazio zikarudishwa ligi ya kwanza, zikiwa zimekatwa pointi. Juventus ikabaki chini na pointi 17 za kukatwa. Mwezi wa kumi adhabu hiyo ikapunguzwa tena, ikawa pointi 9. Ubingwa wa misimu miwili, 2004-2005 na 2005-2006, ilinyang'anywa, na ule wa pili wakapewa Inter.

Kuna mashahidi wa redio wanaosema kupunguza vile ni mchezo wa wakubwa. Inawezekana kuudhika, mimi pia niliudhika. Lakini angalieni na upande mwingine: kila timu ilisikilizwa, ilikuwa na mwanasheria, ilikata rufaa, na hukumu ilisomwa mbele ya watu. Yote hayo katika muda wa miezi michache.

Kwenye mahakama ya serikali, mambo yalikuwa tofauti. Kesi ya jinai iliendeshwa Napoli. Mwezi wa kumi na moja 2011 Moggi alihukumiwa kifungo cha miaka 5 na miezi 4. Mwaka 2013, kwenye rufaa, kikawa miaka 2 na miezi 4. Mwezi wa tatu 2015 mahakama ya juu kabisa ikasema muda wa kisheria wa kumwadhibu umekwisha. Karibu miaka tisa ilikuwa imepita tangu simu zile zichapishwe. Hakuingia gerezani kwa hukumu hiyo. Kilichobaki juu yake ni ile adhabu ya kandanda, ya kufungiwa maisha asifanye kazi ya mpira Italia.

Moggi mwenyewe amekana siku zote. Amesema si yeye peke yake aliyekuwa anapiga simu. Na kweli, mwaka 2011 mwendesha mashtaka wa shirikisho, Stefano Palazzi, aliandika kwamba hata kwa upande wa Inter kulikuwa na mwenendo uliostahili mashtaka, lakini muda wake ulikuwa umepita. Ubingwa ule wa 2006 ulibaki kwa Inter. Haki ikichelewa inakuta mlango umefungwa, na hata mwenye kosa na asiye na kosa hawatofautishwi tena.

Sasa nije kwa lile nililonyamazia.

Katika simu zile za Italia, Moggi hakuzungumza na wapanga waamuzi peke yao. Alizungumza pia na watu wa televisheni, wa kile kipindi ambamo makosa ya waamuzi yalionyeshwa polepole na kujadiliwa. Alitaka kosa fulani lionekane dogo. Niliposoma hayo darasani, kwenye mafunzo ya uandishi wa habari, niliandika pembeni ya daftari: aibu.

Miaka michache baadaye nilitumwa kutangaza mashindano ya vijana, timu za mitaa na timu moja ya vijana wa kambini. Kwenye mechi ya mwisho, timu ya kambi ilikuwa sare mpaka dakika za mwisho. Mwamuzi akatoa penalti kwa kosa lililofanyika mbali nje ya boksi. Niliona kwa macho yangu. Mpira ulipokwisha, mmoja wa waandalizi akanivuta kando, akanipa bahasha. "Ya usafiri wako, ndugu. Mambo ya penalti usiyakuze." Ndani kulikuwa na franka elfu ishirini. Sisi waandishi tunaijua, tunaiita coupage. Nilikuwa sijalipwa miezi miwili. Niliichukua. Jioni nilisema redioni kwamba mechi ilikwenda kwa utulivu na mwamuzi alifanya kazi yake vizuri.

Kesho yake kapiteni wa timu ya kambi alinisubiri kwenye lango la redio. Hakupiga kelele. Alisema: "Ndugu wa redio, kushindwa tumezoea. Lakini weye ulikuwa pale. Watu wa kambi walikusanyika kwenye redio moja, wakangoja useme. Kama ya mpira huwezi kusema, ya orodha za chakula utayasema?"

Sikuwa na jibu. Orodha zile nilikuwa naziripoti kila mwezi, nani ameandikwa na nani ameachwa. Mama zake na dada zake walikuwa wanategemea kwamba nikisema jina la kambi yao, nasema kweli.

Pesa ilikuwa imekwisha kwenye unga na mafuta. Ilinichukua wiki tatu kupata nyingine ya kurudisha. Niliirudisha, kisha nikasoma masahihisho hewani: penalti haikuwa halali, na mimi niliiona. Mwandalizi hajanialika tena. Kikombe hakikurudi kambini. Wiki tatu zilitosha kwa watu kusahau, kama ile miaka tisa ya Italia.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Masisi, jezi yako ivae. Waliopiga simu ni wakubwa wa ofisini. Buffon, Del Piero, Nedved, Trezeguet na Camoranesi walikubali kushuka na timu, wakacheza ligi ya pili, wakashinda, na mwaka 2007 Juventus ikarudi. Wakikucheka, waambie hivyo. Lakini usiwaambie kwamba hakuna kilichotokea.

Na ninyi wengine, mlioko kambini na mlioko kwenye familia za mapokezi: mkinisikia nasema mambo yalikwenda vizuri na ninyi mliona vingine, pigeni simu siku hiyo hiyo. Msingoje wiki tatu.