Umejuaje?

Simu yangu inajua kesho bahari ya Mwabungo itakupwa saa ngapi. Bibi yangu pia anajua, na simu yake ni ile ya kupiga na kupokea tu.

Yeye huhesabu siku za mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Pwani yetu maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mwendo wa saa nne, asubuhi na usiku. Hapo mwamba unatokeza na kina mama wanashuka kutafuta pweza. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Baada ya wiki yamechelewa karibu saa sita, na sasa ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na pweza wanapumzika.

Sisemi bibi ameishinda simu. Kwa dakika, simu iko sahihi zaidi. Ninachopenda ni kwamba nikimuuliza "Umejuaje?" hakasiriki. Ananionyesha mwezi. Nikitaka, nahesabu mwenyewe, nashuka ufuoni saa nne, naangalia. Kwa mwezi mmoja tu, hata mtoto wa shule anaweza kumkosoa.

Mwaka 1784, Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba uvivu na woga ndivyo vinavyowafanya watu wazima waridhike kufikiriwa na wengine: kitabu kiwafikirie, daktari awachagulie chakula. Huku kwetu ningeongeza cha tatu: adabu. Kumuuliza aliyesoma amejuaje kunaonekana ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi, nasi tunashiriki kwa kusaini karatasi ya mahudhurio na kunywa soda.

Lakini adabu na swali vinaweza kukaa pamoja. Niliwahi kuhudhuria mkutano ambapo mtaalamu alitueleza, kwa slaidi za Kiingereza, kwamba mradi fulani hautagusa sehemu wanayovua watu. Ramani zake zilikuwa safi kweli. Mama mmoja akainua mkono: "Samahani mwanangu, siku uliyopima ilikuwa bamvua au maji mafu?" Kijana akafungua makaratasi, akafunga, akasema atauliza ofisini. Mama hakusema ripoti ni ya uongo. Aliuliza tu ilivyopikwa, na ukumbi mzima ukaamka.

Sasa, kuna wanaotuuzia "fikiri mwenyewe" kama bidhaa. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Iliaminika kinatibu Ukimwi, kisukari na mengine. Wako walioacha dawa za hospitali. Walidhani wamejitoa mikononi mwa madaktari, kumbe wamebadilisha mkubwa tu. Ukiuliza alijuaje, jibu lilikuwa Mungu alimwonyesha ndotoni. Ndoto ya mtu mwingine huwezi kuishukia saa nne asubuhi ukaikagua.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoishika. Sina muda wala elimu ya kukagua kila kitu, na hakuna aliye nayo. Ninachoweza ni kuangalia kama njia ya kukagua imeachwa wazi, kwangu au kwa wengine wasio na sababu ya kumpendelea msemaji. Anayejua kweli hukuonyesha njia hiyo. Anayetaka kuaminiwa tu hukuonyesha cheti.

Mama yangu ana presha. Vidonge vyake siwezi kuvipima jikoni, lakini najua vilijaribiwa kwa watu wengi, matokeo yakaandikwa, na wengine wakaweza kurudia majaribio na kuyapinga. Kwa hiyo anameza. Akienda zahanati kupimwa namsindikiza, na kabla muuguzi hajazima mashine, naomba atuonyeshe namba.