Intaneti ya Wanachama Bondeni Kilembe

Sisi tuliozaliwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, tulikua tukiamini kwamba kila kitu kikubwa huletwa na kampuni. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba yetu, iliyopelekwa Jinja kuyeyushwa. Umeme wa mto Mubuku ulizalishwa kwa ajili ya mgodi. Hospitali, shule, na nyumba za wafanyakazi zilizojipanga huko Kyanjuki, vyote vilikuwa vya Kilembe Mines. Wazee wetu walitoka pande nyingi, wengine hapahapa milimani, wengine Kigezi, Rwanda na Kongo, wakakutana chini ya ardhi wakizungumza Kiswahili. Uchimbaji wa shaba ulipokoma mwaka 1982, vitu vile vilianza kuchakaa kimoja baada ya kingine, kwa kuwa mwenye navyo alikuwa ameondoka na waliobaki hawakuwa na sauti juu yavyo.

Nimeona historia hiyo ikitaka kujirudia katika intaneti, na nimeona watu wa bonde hili wakiikatalia. Naandika kumbukumbu hizi ili wengine wajue ilivyokuwa.

Bonde la mto Nyamwamba ni jembamba. Milima imesimama pande zote mbili, na mawimbi ya mnara ulioko mjini Kasese hugonga mlima yakaishia hapo. Simu za mkononi zilipoanza kuenea, kila mtaa ulikuwa na mahali pake pa kupigia: mwamba fulani, kona ya barabara, ukuta wa nyuma wa kanisa. Jioni ungekuta watu wamepanga foleni, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kuzungumza na ndugu aliyeko Kampala. Kule Bwera, mpakani na Kongo, hali ilikuwa tofauti. Ardhi ni wazi zaidi na minara ya nchi zote mbili inaonekana, basi mfanyabiashara wa soko la Mpondwe alitembea na laini mbili, moja ya Uganda na moja ya Kongo.

Miaka ya 2000 ilikuwa miaka ya vituo vya mawasiliano. Uganda ilijaribu mambo mengi wakati huo. Mwaka 2005, hapa hapa magharibi, shirika la Inveneo la Marekani kwa kushirikiana na ActionAid liliunganisha vijiji kwa mawimbi ya Wi-Fi, na umeme ukatoka kwenye sola na baiskeli ya kukanyaga. Kwetu pia kilifunguliwa kituo kwa fedha za wafadhili. Kilikuwa na kompyuta, sahani ya setilaiti na feni. Wakati huo Afrika Mashariki haikuwa bado na nyaya za baharini. Waya wa SEACOM ulifika Julai 2009, na kabla yake karibu kila neno lililotoka hapa kwenda duniani lilipitia setilaiti kwa gharama ya kutisha. Wafadhili walilipa bili, sisi tukajifunza kuandika barua pepe. Mradi ulipofika mwisho wa muda wake, bili haikulipwa tena. Sahani ilibaki juu ya bati ikishika kutu, na hakuna aliyejua tumwulize nani.

Nilichokuja kukielewa baadaye, kwamba mtandao hudumu wenyeji wakiutunza wenyewe, nilikisikia kwanza kutoka Gulu. Mwaka 2007, chini ya Jimbo Kuu la Gulu, mradi wa BOSCO Uganda ulianza kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa antena za masafa marefu na kompyuta zinazotumia sola. Kambi zilipovunjwa na watu wakarudi vijijini, mradi haukufa. Uliwafuata wenyeji, nao wakaendelea kuutunza. Baadaye nikasoma juu ya Zenzeleni huko Mankosi, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako wanakijiji waliunda ushirika wao wa mawasiliano, na juu ya kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambako mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net uliwashwa mwaka 2016. Hao hawakuwa matajiri kutuzidi.

Lakini kilichotusukuma ni mto. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba, madaraja na watu. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na aliyekuwa chini mjini hakuwa na habari mpaka mawe yalipoanza kubingirika. Baada ya msiba ule, mazungumzo kila mahali yalikuwa yaleyale: walioko juu watawaambiaje walioko chini? Hapo ndipo wachache wetu, walimu, mkunga, mafundi wa redio na wakulima wa kahawa, tulipoanza kukutana.

Kasese ni wilaya ya ushirika. Chama cha Nyakatonzi kimekusanya pamba ya wakulima tangu miaka ya 1950, na kile cha Bukonzo Joint kimewafundisha wakulima wa kahawa kuweka akiba na kukopeshana. Kwa hiyo hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa maana ya hisa, mwanachama, mtunza hazina na mkutano mkuu. Jambo geni lilikuwa antena tu. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini alisimama akasema, "Mkileta hiki kitu kwa mkopo wa mtu mmoja, siku akikasirika atakizima." Tukakubaliana kila nyumba ichange, hata kama ni kidogo, na asiwepo wa kununua sauti zaidi ya moja.

Mitambo yenyewe si ya ajabu. Tulinunua intaneti kwa bei ya jumla mjini Kasese, mahali ambapo waya wa nyuzi za kioo umefika. Kutoka pale antena moja inarusha mawimbi ya gigahezi 5 hadi juu ya mgongo wa mlima, na pale juu kuna nguzo, paneli ya sola, betri mbili na antena nyingine inayotazama bondeni. Sharti ni moja: antena lazima zionane. Nyumba iliyofichwa na kilima inapata kupitia nyumba ya jirani inayoona. Wenzetu wa Bwera walianzisha kundi lao wenyewe. Ukitoka Kasese hadi Kikorongo ukageuka magharibi kuelekea mpakani, umbali ni mrefu mno kwa antena zetu, basi wao hununua kasi yao huko huko. Tunachoshirikiana ni vifaa, mafundi na sheria za chama.

Kabla ya kupandisha nguzo tulimwona mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, tukaenda kwa mkuu wa wilaya, tukapeleka michoro na majina ya wanachama. Wilaya yetu imeona damu. Novemba 2016 kulikuwa na mapigano katika ikulu ya ufalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule ya Lhubiriha huko Mpondwe. Mahali kama hapa, kijana anayepanda mlima usiku na waya begani anaweza kudhaniwa vingine. Tangu mwanzo tuliweka utaratibu kwamba kila safari ya mlimani ijulikane na LC, na hatujauacha.

Kazi kubwa ilianza baada ya taa za rauta kuwaka. Simu zilianza alfajiri. "Fundi, hapa kumekatika tangu jana." Mara nyingi hakuna kilichokatika. Kuna mama mwenye duka ambaye mtandao wake ulizimika kila jioni saa moja. Tulibadilisha waya, tukapima betri, tukapanda mlimani kukagua antena. Mwishowe nilikaa dukani kwake mpaka jioni, nikaona mtoto akichomoa plagi ya rauta ili achaji simu za wateja, kwa sababu soketi ilikuwa moja. Mama alinunua soketi ya matundu manne na tatizo likaisha. Tangu siku ile, swali la kwanza tunalomwuliza mwanachama ni kama taa ya rauta inawaka, na la pili ni nani mwingine anatumia umeme ule.

Shida nyingine zilitoka mbali zaidi. Shule moja ilikuwa na mtandao mzuri wakati wa kiangazi, lakini kila mvua ilipoanza ulidhoofika, na kila mwaka ukazidi kudhoofika. Nilisimama penye antena ya shule na darubini, nikaona mstari mzima wa mikaratusi iliyopandwa kwenye mteremko katikati. Mikaratusi hukua haraka, na majani yaliyolowa hunyonya mawimbi kama sifongo. Mwenye shamba hakuwa mwanachama. Nilipomfikia alinipokea vizuri, akaninywesha chai, akanieleza kwamba miti ile ndiyo karo ya watoto wake, ataiuza kuwa nguzo ikikomaa. Katika mkutano wapo waliotaka ashinikizwe kupitia LC. Wengi walikataa. Walisema mtandao wa jirani hauwezi kujengwa kwa kumfilisi jirani. Tukahamisha antena ya shule hadi kwenye paa la mwanachama aliyeko upande wa pili wa mto, tukavuta waya mpya, na kazi ile ilituchukua muda na fedha. Hadi leo mwenye mikaratusi hutuachia njia ya kupitia shambani mwake kila tunapopanda mlimani.

Radi ya Rwenzori nayo ilitufundisha kwa bei kubwa. Tulipoteza vifaa mpaka tulipoweka kwenye kila nguzo waya mnene wa kuipeleka ardhini. Kisha ulikuja ubishi wa filamu. Vijana walipakua sinema usiku kucha, walimu wakalalamika kwamba asubuhi kasi ni ndogo, hasa siku ambazo simu zote zinajisasisha zenyewe. Mkutano uliamua kila nyumba iwe na kiwango chake mchana, na baada ya saa nne usiku kila mtu ajinafasi. Ada pia ilipata sura ya kwetu: mwenye mshahara hulipa kila mwezi kwa simu, mkulima wa kahawa anaweza kulipa ya miezi mingi baada ya mavuno.

Miaka ya kwanza watu katika mkutano waliuliza, "Mtatutengenezea lini?" Baadaye maswali yakabadilika. "Betri ilinunuliwa bei gani? Risiti iko wapi? Kwa nini tumebadilisha moja badala ya mbili?" Siku nilipoulizwa maswali hayo mbele ya watu wote nilifurahi kuliko siku mtandao ulipowaka mara ya kwanza. Tulikuwa tumeanza kufundisha vijana wawili wawili katika kila mtaa, wasichana wakiwa wengi, kupima waya, kuelekeza antena na kuandika kila tatizo daftarini. Leo simu nyingi huishia kwao, mimi sizisikii.

Nyakati ngumu zilionyesha faida ya mtandao wetu. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, kodi iliyoondolewa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na asilimia 12 kwenye bando. Wengi walihesabu upya kila mega. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, mtoto wa miaka mitano akafariki akitibiwa Bwera, na uvumi ukakimbia kuliko ugonjwa wenyewe. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka. Wenzetu wa Bwera walipakua maelezo ya Wizara ya Afya mara moja, wakayaweka kwenye seva ya hapo hapo, na kila mwanachama akayasoma na kuyasikiliza bila kulipia bando.

Machi 2020 shule zilifungwa, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Mei 2020 mito ilifurika tena, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, wagonjwa wakahamishwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo tulithamini seva yetu ndogo ya hapa bondeni: masomo na Wikipedia iliyohifadhiwa kwa programu ya Kiwix viliendelea kufunguka kwenye simu za watoto, kwa kuwa njia kutoka seva hadi nyumbani kwao haikupita Kampala.

Vijana huniuliza kama haya yote yana maana sasa, wakati Starlink, intaneti ya setilaiti, imekuwa ikiuzwa Kenya tangu 2023. Nawajibu kwamba intaneti inaweza kuingia bondeni kwa waya, kwa mnara au kutoka angani, na chama kinaweza kununua popote penye bei nafuu. Kinachotakiwa kubaki mikononi mwetu ni sehemu ya mwisho: nguzo, seva, daftari la ada, na haki ya kuamua nani aunganishwe hata kama hana cha kulipa mwezi huu. Sheria nazo zimeanza kututambua. Kenya ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda katika mfumo wake iliweka fungu la leseni kwa watoa huduma wa jamii.

Kwa hiyo ninyi wa Bundibugyo, Beni, Butembo na kwingineko mnaotaka kuanza, msikimbilie dukani kununua antena. Andikeni kwanza majina ya wanachama. Chagueni mtunza hazina mnayeweza kumwuliza maswali bila kumwogopa. Tengeni akiba ya betri kabla betri ya kwanza haijachoka, na fundisheni vijana wa mitaa yote. Mkifika hapo, mlima wa kusimika nguzo hautawapa shida.