Kabla ya Kusema Kompyuta Imekufa, Pima



Mara nyingi mzazi ananisimamisha njiani na kuniuliza: "Mwalimu, hiyo fizikia mnayofundisha watoto itatusaidia nini sisi tunaokaa hapa Nyarugusu?" Mwezi huu nimeona nijibu kwa greda.

Greda la siku hizi si chuma na dizeli peke yake. Injini yake ina kompyuta, boksi lenye waya nyingi ambalo mafundi wengine wanaliita kontroli boksi. Sensa ndizo zinaipa habari: injini inazunguka kwa kasi gani, joto ni kiasi gani, oili ina presha gani. Halafu kompyuta inaamua dizeli iingie lini na kwa kiasi gani. Kama haina umeme wa kutosha, haitoi amri, hata stata ikizungusha mpaka betri zichoke.

Ndiyo maana greda likigoma kuwaka, neno la haraka ni hili: kompyuta imekufa. Na neno hilo ni la gharama. Kompyuta mpya ni pesa nyingi, inaagizwa mbali, na ikifika lazima iwekewe programu ya mashine ile ile.

Msimu wa mvua uliopita, greda lililokuwa linatengeneza barabara karibu na sisi liligoma hivyo. Baba wengi wa kijiji chetu walikuwa vibarua wa kuchimba mitaro nyuma yake. Siku ya tatu wakaambiwa wakae nyumbani mpaka kompyuta nyingine itoke Dar es Salaam. Kibarua asipofanya kazi halipwi, na wote mnajua hela ile ndiyo sabuni, ndiyo daftari la mtoto.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa malori kule Baraka kabla ya kukimbia, akaniomba nimsindikize na mita ya shule, kwa sababu macho yake hayasomi tena namba ndogo. Dereva akamwamkia, "Shikamoo mzee," akaturuhusu tuangalie. Mzee akamwambia awashe ufunguo bila kupiga stata. Taa za dashibodi zikawa hafifu, zinachezacheza. Mzee akasema, "Hii haiyakufa. Iko na njaa."

Mashine nzito nyingi zinatumia volti 24, yaani betri 2 za volti 12 zilizounganishwa. Tukapima kwenye betri: volti 25. Nzuri. Tukapima kwenye waya zinazoingia kwenye kompyuta: volti 19. Stata ilipopigwa, zikashuka mpaka 15. Sasa zile nyingine zimepotelea wapi? Tukaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye hasi ya kompyuta. Hapo ilitakiwa isifike hata nusu volti. Mita ikasoma 6.

Basi tukaufuata waya wa hasi mpaka mwisho wake. Umefungwa kwa bolti kwenye chesisi, chini ya boksi la betri, na pale palikuwa na tope na kutu tupu. Tukazima ufunguo, tukatoa vichwa vya betri, tukafungua bolti, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Greda likawaka. Kesho yake vibarua walirudi kazini.

Kusema kweli, tungeweza kukuta kitu kingine. Pengine ni fyuzi, au panya amekula waya, au maji yameingia kwenye soketi. Sensa nyingi zinapewa volti 5 na kompyuta. Sensa moja ikipiga shoti, inaziangusha na wenzake, na mtu anadhani kompyuta ndiyo mbovu. Hapo unachomoa sensa moja moja mpaka volti 5 zirudi. Kwenye mashine nyingi kompyuta zinazungumza kwa waya 2 zilizosokotwa pamoja. Umeme ukiwa umezimwa, mita inatakiwa isome omu 60 hivi kati ya waya hizo. Ikisoma 120, kuna mahali pamekatika. Hayo yote ukishayamaliza na yote ni mazima, hapo ndipo unaweza kuishtaki kompyuta.

Kwa vijana wanaochomelea: usichomelee kwenye mashine ya namna hii kabla ya kutoa vichwa vya betri na kufuata maelekezo ya mashine hiyo. Umeme wa kuchomelea unaweza kupita ndani ya kompyuta, na hapo itakufa kweli.

Mzazi aliyeniuliza, jibu langu ni hili. Volti, omu na hasi ndivyo vilivyo ubaoni kwetu darasani. Msasa tuliotumia ni kipande tu. Kazi ilikuwa kujua pa kuweka mita na namba gani tungoje. Kwa hiyo fundi akikuambia sola yako au redio yako imekufa, muulize kwa heshima: umepima wapi, umepata ngapi? Fundi mzuri hatakasirika.

Jumamosi saa nane mchana mita itakuwa darasani. Leteni watoto, na wasichana pia wasibaki kwenye foleni ya maji peke yao. Mwenye betri mbovu aje nayo, tutajifunzia hiyo.