Nilimpelekea Shangazi Sumaku, Povu Likagoma!

Jamani wasomaji, mjini kuna mambo. Leo nawamegea kisa kilichonitoa jasho mbele ya shangazi yangu, tena kwa hela ambayo wala haikuwa yangu.

Shangazi anaishi Mkotokuyana, kule Nachingwea. Uani ana kisima, pampu na tenki. Maji yanashuka kwa bomba hadi jikoni. Kwa macho ni safi kabisa. Kasheshe ni ukishika sabuni. Unasugua weee, povu hakuna, kinachobaki ni utando wa kijivu kwenye beseni. Birika lake nalo kwa ndani limeota ukoko mweupe utadhani limepakwa chokaa. Ndiyo yale maji magumu tuliyosoma shuleni: yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye miamba.

Mimi, kijana wa Dar, nikajifanya mjuaji. Kariakoo nilikuwa nimeona kifaa cha kulainisha maji bila dawa wala chumvi. Eti ni sumaku mbili tu, unazibana kwenye bomba kwa nje, kazi imekwisha! Muuzaji akaapa kuwa maji yakipita hapo yanakuwa laini kama ya mvua. Nikampigia shangazi, nikampa sifa zote. Akanitumia hela ya korosho aliyoitenga kwa ajili ya bati za jikoni. Hapo ndipo roho inaponisuta mpaka leo.

Mwezi wa pili nikatua Mkotokuyana, mvua zinanyesha. Nikafunga sumaku zangu kwa mbwembwe, watoto wamenizunguka. Siku za mwanzo kila mtu pale nyumbani alisema maji yamebadilika. Binamu yangu akadai hata chai imekuwa tamu! Shangazi peke yake alikaa kimya. Siku ya nane akaniita.

"Mwanangu, mbona mche wa sabuni unakwisha vilevile?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua chupa tatu za plastiki. Ya kwanza nikajaza maji ya bomba lenye sumaku. Ya pili, maji niliyochota kisimani. Ya tatu, maji ya mvua kutoka kwenye ndoo iliyokuwa chini ya paa la nyumba kubwa. Kila moja nikaitia kipande cha sabuni, vyote sawasawa, nikatikisa. Basi bwana! Ya mvua ikafura povu mpaka shingoni. Zile mbili zikatoa utando uleule wa kijivu, ukiambiwa uchague yenye sumaku huijui.

Niliporudi Dar ndipo nikaanza kusoma, wakati nilipaswa kusoma kabla ya kununua. Sumaku haitoi kalsiamu kwenye maji, na kalsiamu ikiwepo, sabuni itagoma tu. Wauzaji wengine hujitetea kuwa kazi yake ni kuzuia ukoko. Mwaka 2001 wahandisi wa Jeshi la Marekani walitoa ripoti baada ya kujaribu vifaa vya aina hiyo: mabomba yaliyofungwa kifaa hayakuonyesha nafuu ya maana kuliko yasiyofungwa.

Tusiwachome wote moto mmoja, lakini. Ipo mitungi isiyotumia chumvi, yenye chembechembe zinazoifanya kalsiamu igande kuwa punje ndogo sana zisizonata. Hiyo imeonekana majaribioni kupunguza ukoko kweli. Ila kalsiamu inabaki majini, kwa hiyo kwenye povu usitegemee miujiza. Mashine inayolainisha hasa ni ile ya chumvi: inanasa kalsiamu na kuachia sodiamu.

Na sisi wa vijisenti? Kuchemsha maji, kuyaacha yatulie na kumimina ya juu kunasaidia, ingawa ni kwa ule ugumu wa muda tu. Magadi yanasaidia kwenye kufua. Maji ya mvua ndiyo kiboko. Na kama shida yako ni hofu ya kuyanywa, tulia. Kalsiamu na magnesiamu si sumu, mwili wenyewe unazihitaji.

Nilipompigia shangazi kumwomba radhi, hakufoka. Alisema tu, "Kwa hela ile ningeweka gata na pipa, mwanangu. Maji laini yalikuwa yanatumwagikia uani bure."

Maneno yale yaliniuma kuliko matusi. Gata na pipa nimeshamnunulia kwa mshahara wangu. Bati za jikoni bado namdunduliza, deni ni deni.

Ushauri wangu, vijana wenzangu: kabla hujaingizwa mjini, chukua chupa, sabuni na dakika mbili. Mwambie muuzaji atikise mbele yako.

Sumaku je? Shangazi anashikia sindano zake za cherehani. Anasema kwa kazi hiyo, haijawahi kumwangusha.