Tiara ya Jumamosi

Wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao ni walimu wenzetu, watatuwia radhi iwapo safari hii hatutazungumzia ngeli wala mizani ya shairi. Tuna jambo la kuungama. Sisi, tulio na umri wa miaka arobaini na minne, wenye stashahada ya ualimu na watoto wanne, hurusha tiara. Haturushi ili kuwafundisha watoto, wala kwa ajili ya maonyesho ya shule. Huirusha Jumamosi alasiri, mara nyingi peke yetu, kwa kuwa twaipenda.

Mwalimu wa lugha hawezi kupita hapa bila kusema neno juu ya maneno. Kiswahili kimekitunuku kitu hiki majina matatu: tiara, kishada na burutangi. La kwanza lina nasaba ya Kiarabu, na ni la ukoo mmoja na neno ambalo Waarabu wa leo hulitumia kwa ndege ya abiria. Sisi wa Bujumbura twasema tiara, au tuseme sisi tuliokulia Buyenzi, maana tulilipata kwa mzee mmoja jirani ambaye baba yake alitoka Ujiji. Mzee huyo alikuwa fundi cherehani. Kitu chenye majina matatu si kitu cha kudharauliwa. Lugha haipotezi nguvu zake bure.

Ndiye aliyetufundisha kuiunda. Vijiti viwili vya tete lililokauka, kimoja kirefu na kimoja kifupi, hufungwa msalaba. Kile kifupi hukaa karibu na theluthi ya juu. Uzi hupitishwa katika ncha zote nne, kisha karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya ndani iliyo safi, hubandikwa kwa uji mzito wa mhogo. Hadi hapo hata mtoto wa darasa la tatu aweza. Ugumu uko katika hatamu na mkia. Hatamu ikifungwa chini mno, tiara huulalia upepo wala haipandi. Ikifungwa juu mno, hukosa nguvu. Mkia mfupi huifanya izunguke kama kuku aliyechinjwa, nao mkia mrefu huivuta chini kama deni. Mzee alikuwa akiupima mkia kwa kuongeza na kupunguza kitambaa kimoja kimoja, vipande vya nguo za watu, bila haraka yoyote, huku wateja wakimngoja barazani. Leo twafikiri kwamba yeye pia alikuwa akicheza, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo.

Alasiri upepo wa ziwa la Tanganyika hupanda kuelekea milimani. Wakati wa kiangazi tulikuwa tukisimama uwanjani, migongo yetu ikilielekea ziwa, na tiara zikipanda mbele yetu, juu ya mabati ya mji.

Oktoba 1993 rais aliuawa na vita vikaanza. Tulikuwa na miaka kumi na miwili. Hatuna nia ya kusimulia vita katika kurasa hizi. Wako waliosimulia, na wako ambao hawakubaki wa kusimulia. Twataka kusema jambo moja dogo tu. Tiara humwonyesha kila mtu mahali alipo mrushaji: ukiufuata uzi kwa macho utamfikia. Mama alilitambua hilo kabla yetu. Aliichukua tiara iliyokuwa imetundikwa ukutani, akaivunja vijiti, akavitia jikoni. Hakutugombeza wala hakueleza. Tulipopata tena ruhusa ya kusimama mahali pa wazi tulikwisha ota ndevu.

Ndiyo maana maneno ya vitabu vya ualimu yalitutatiza chuoni. Tulifundishwa habari za Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliyeuona mchezo kuwa ndiyo njia ya mtoto kukua. Tuliyaandika hayo katika daftari, tukajibu maswali, tukafaulu. Lakini hatukuona ukurasa ulioeleza yampasayo mtu ambaye mchezo wake ulikatwa katikati. Je, avuke tu, kama mwanafunzi anayerushwa darasa?

Inasimuliwa kwamba Benjamin Franklin wa Marekani alirusha tiara katika mvua ya radi mwaka 1752, akiwa na miaka arobaini na sita. Mwaka 1901 Marconi aliinua waya wake kwa tiara huko Newfoundland, akapokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki. Wenzetu hupenda kutupa mifano hii ili kututetea. Twawashukuru, lakini twaikataa. Mabwana hao walikuwa kazini. Sisi hatutafuti umeme wala mawimbi ya redio, na mtetezi anayesema mchezo ni halali kwa sababu una faida amekwisha kukubaliana na mshitaki.

Na mshitaki tunaye. Mwaka juzi wazee wa mtaa wetu walilitaja jina letu katika majina ya watu wafaao kuwa abashingantahe. Kwa wasomaji wa nchi jirani tueleze kwamba hao ni watu wa busara na uadilifu wanaoteuliwa na wenzao kusuluhisha magomvi. Huapishwa hadharani, na jina lao latokana na intahe, fimbo waigongayo ardhini wanapoamua shauri. Baba yetu alikuwa mmoja wao. Hatutaficha kwamba tuliitaka heshima hiyo, tena sana.

Jioni moja mzee mmoja alikuja nyumbani. Alikunywa chai, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya shule, ndipo akafika.

"Mwalimu," alisema, "mtu akikuletea kesi ya mpaka wa kiwanja, naye jana alikuona ukikimbia kinyumenyume na karatasi, atakusikiliza kweli?"

Tulinyamaza. Swali lilikuwa la haki. Mwenzetu wa nyumbani, ambaye amekwisha kuulizwa sokoni kama mumewe yu mzima, alijishughulisha na vikombe.

"Umri wa michezo hiyo umekwisha kukupita," akaongeza kwa upole.

"Ulitupita, mzee, tukiwa uvunguni mwa kitanda."

Hatukuwa tumepanga kusema hivyo. Mzee alikitazama kikombe chake kwa kitambo. Naye alikuwa hapa miaka ile. Alizika watu wawili wa nyumba yake. Kisha akaaga kwa adabu, tukamsindikiza hadi barabarani kama desturi ilivyo, wala hatukulizungumza tena.

Jina letu liliahirishwa. Miezi miwili hatukuirusha tiara, au tuseme ukweli wote: tuliirusha ufukweni, mbali na mtaa, tukiificha ndani ya gunia kama mwizi. Jambo hilo lilitutia aibu ambayo uwanjani hatukuwahi kuiona. Hakimu anayejificha ana tofauti gani na mshitakiwa? Tukarudi uwanjani petu.

Jumamosi ya tatu uzi ulikatika. Tiara ilielea juu ya mabati, ikashuka polepole uani kwa mzee yule yule. Watoto walitaka kwenda kuidai, tukawazuia. Hatukuona ni kwa maneno gani mtu angeanza. Wiki moja baadaye kitinda mimba wetu, aliyetumwa kwao kuazima kinu, alirudi na habari kwamba tiara imeegemezwa ukutani barazani kwa mzee, na kwamba mkia wake umeongezwa vitambaa viwili vya rangi ya buluu.

Sisi hatukuwa na kitambaa cha buluu.