Ajuaye Yote

Msimulizi wa hadithi hujua yote. Tusemapo "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!", papo hapo twajua Sungura awaza nini moyoni mwake na Fisi amejificha wapi, wala hapana mtoto aulizaye tumeyajuaje.

Mwandishi wa kitabu cha Ayubu asimulia vivyo hivyo. Katika sura 2 za kwanza atufunulia mambo ya mbinguni, jinsi Shetani alivyopewa ruhusa ya kumjaribu mtu yule mwadilifu. Msomaji ajua, Ayubu hajui. Tulipokuwa tukifundisha habari hizo, mtoto mmoja alituuliza, "Mwalimu, je, mwishowe Ayubu aliambiwa?" Tukapekua mpaka sura ya 42. Hakuambiwa. Tangu sura ya 38 Mungu asema naye katika kisulisuli, amwuliza habari za misingi ya dunia, za bahari na za nyota. Walakini Shetani hatajwi hata mara moja. Ayubu alirudishiwa mali maradufu. Sababu ya mateso yake hakupewa.

Swali lile lilituchoma, maana lilitoka kwa mtoto tuliyemkosea. Muhula uliotangulia alikuwa akichelewa kila siku. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake, tukamchapa, naye hakujibu neno. Baadaye jirani yao alituambia kwamba mama yake alikuwa hawezi, na mtoto ndiye aliyeteka maji na kumpikia uji kabla ya kuja shuleni. Basi kosa letu tulikuwa tumelijua, wala hatukulikiri.

Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa na Ayubu siku 7 pasipo kusema neno, na hapo walifanya vema. Walikosa walipofumbua vinywa wakamweleza dhambi wasizoziona. Nasi ndivyo tulivyofanya: tuliuchukua ujuzi wa msimulizi tukauingiza darasani, kana kwamba mtoto yule ni Sungura wa hadithi yetu.

Siku ile ile tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimwita mvivu. Ndugu walimu, tukiwa katika hadithi, na tujue yote. Tukiwa mbele ya mtoto, kwanza tuulize. Ajuaye yaliyo moyoni pasipo kuuliza ni Mmoja tu.